Umepewa malezi? Anzia hapa: kupanga familia za malezi katika shule ya bweni ya Kikristo

Kila Januari simu ni ileile. "Mwalimu, mkuu wa shule kanipa malezi. Nifanyeje?" Anayepiga huwa mwalimu kijana wa Jiografia au Kemia, vipindi vimemjaa, na barua yake ya uteuzi ina mistari miwili isiyosema kitu. Mwingine ni mchungaji wa shule aliyefundishwa kuhubiri, kafika anakuta watoto karibu mia nne na bweni linalovuja. Nimechoka kujibu vipande vipande, saa tatu usiku, salio likikatika. Haya hapa yote kwa pamoja: jinsi ya kugawa wanafunzi katika familia za malezi, yaani vikundi vidogo vinavyokutana kila wiki, kila kimoja na mtu mzima wake anayekilea.

Ninayoandika yametoka katika sekondari za bweni za makanisa hapa Tanzania. Wenzetu wa Kenya mtaona mengi yanafanana, isipokuwa suala la viboko, nalo nitalifikia.

Nadharia nakupa kidogo tu. Waraka wa Elimu Na. 11 wa mwaka 2002 ulitaka shule za sekondari ziwe na huduma ya ushauri nasaha, kwa hiyo hukupewa kazi ya hisani. Na somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoingia na mitaala iliyoanza Januari 2024, si malezi. Lina mwalimu wake na mtihani wake, liache lilivyo. Malezi ninayoyasema mimi yana vitu vitatu: mtu mzima mwenye jina, siku iliyo kwenye ratiba, na mahali pa kukaa. Kimoja kikikosekana, yanabaki maneno ya paredi.

Kusanya hivi kwanza

- Kibali cha mkuu wa shule kwa maandishi, kikitaja dakika 40 za kila wiki. Kibali cha mdomo huyeyuka wiki ya mitihani ya majaribio.
- Orodha ya wanafunzi wote: kidato, bweni, simu ya mzazi au mlezi, na ugonjwa wa kudumu kama upo (pumu, selimundu, kifafa).
- Orodha ya watu wazima wote wanaoajiriwa na shule: walimu, matroni, patroni, mhasibu, muuguzi, mtunza maktaba.
- Kaunta buku moja na kabati lenye kufuli.
- Sanduku la maoni lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja uwe kwako, mwingine kwa matroni.
- Namba za simu: afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wilayani, hospitali iliyo karibu, na 116, simu ya bure ya kumsaidia mtoto. Ziandike kwenye karatasi, ubandike ndani ya mlango wa kabati. Simu yako itazima chaji siku hiyohiyo unayoihitaji.

Fedha hazihitajiki nyingi. Mwaka wa kwanza tulitumia pesa za machungwa tu.

Hatua ya 1: Hesabu usingizi kabla ya kufundisha lolote

Chukua ratiba ya kengele ya shule yako, kaa chini, upige hesabu. Shule moja niliyofika, taa za bwenini zilizimwa saa 4:45 usiku na kengele ya kuamka iligongwa saa 10:30 alfajiri. Hiyo ni saa 5 na dakika 45, hapo hujatoa muda wa kugombania ndoo bombani. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Tulikuwa tunaita "utovu wa nidhamu" kitu ambacho sehemu yake kubwa ilikuwa usingizi.

Wenzangu walipinga kwa hoja ya ufaulu. Sikubishana nao sana. Niliwafungulia 1 Wafalme sura ya 19, pale Eliya amelala chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hamhubirii. Anamwamsha ale mkate, anywe maji, kisha nabii analala tena, anaamshwa, anakula mara ya pili. Maswali ya Mungu yanakuja baadaye kabisa, mlimani. Mkuu wa shule alicheka, akasogeza kengele mbele kwa saa moja. Saa moja tu, na bado haitoshi, lakini wewe anza na kinachowezekana.

Katika hatua hii angalia pia chakula, maji, taulo za kike na milango ya vyoo. Mlango usio na komeo ni suala la malezi kuliko mahubiri yoyote ya usafi wa moyo.

Hatua ya 2: Chagua maadili matatu, uyageuze kuwa matendo

Shule nyingi zina maadili kumi na mbili ukutani, kwa rangi ya kijani iliyobanduka. Muulize mwanafunzi akutajie manne. Wagalatia 5 inataja tunda la Roho kwa maneno tisa, na yote ni mema, ila mwaka huu chukua matatu. Sisi tulichukua heshima, uaminifu na kujaliana.

Sasa kaa na walimu watano na wanafunzi watano, neno moja kwa siku moja, muulizane: likiwepo, tutaliona wapi? Heshima ikatupa haya: hakuna mtoto anayeitwa kwa ulemavu wake, kabila lake au nafasi yake darasani, mwalimu anabisha hodi kabla ya kuingia bwenini, wanaodaiwa ada hawasomwi majina paredi. Hilo la mwisho lilimuuma mhasibu. Uaminifu ukageuka kuwa kitu tusichokitarajia, kwani wanafunzi walisema uaminifu uanzie stoo: kama ratiba inasema Jumapili nyama, iwe nyama, au tuambiwe kwa nini sivyo.

*Kosa la kawaida:* kuandika matendo ya wanafunzi peke yao. Orodha isiyomgusa mwalimu hata mara moja, watoto huisoma mara moja na kuiacha hapohapo.

Hatua ya 3: Gawanya familia

Gawa idadi ya wanafunzi kwa idadi ya watu wazima wanaofaa. Wanafunzi 378 kwa walezi 27 ni watoto 14 kila mmoja. Zaidi ya 16 inakuwa darasa, chini ya 8 mtoto mwenye aibu hana pa kujificha, na mwanzoni anahitaji kujificha kidogo.

Changanya vidato, cha kwanza hadi cha nne. Wavulana na wasichana wawe familia tofauti. Wengine huwachanganya na inawaendea vizuri, mimi niliona wasichana wa kidato cha kwanza hawafungui kinywa. Piga kura za vikaratasi mbele ya wote, asiseme mtu kwamba watoto wa wachungaji wamepewa makamu mkuu. Ndugu wa damu waulize kwanza kama wanataka kuwa pamoja.

Kuhusu walezi, usimpe familia mtu ambaye matroni anakunja uso akisikia jina lake. Muulize faragha, atakwambia. Mwalimu wa nidhamu naye asiwe mkuu wa malezi. Mtoto hawezi kumfungukia asubuhi mtu atakayemwadhibu jioni.

Watoto wa Kiislamu na wa madhehebu mengine wamo humohumo, kwenye familia zilezile. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa dini, na mzazi aliyekuletea mwanaye hakukukabidhi imani yake. Kikao kinaweza kufunguliwa kwa sala fupi, ila asilazimishwe mtu kuiongoza. Ramadhani ikifika, mlezi ndiye anayekwenda jikoni kuhakikisha daku na futari vipo. Nimeona jambo hilo dogo likijenga imani kwa wazazi kuliko barua kumi za uongozi.

Hatua ya 4: Kikao cha kwanza, dakika kwa dakika

Sisi hukaa Jumamosi saa 10 jioni, baada ya kufua. Kaeni chini ya mti au darasani, kwa duara, na mlezi akae kwenye kiti kama cha wao.

Dakika 10 za mwanzo gawa machungwa na kisu kimoja. Usicheke, kisu kimoja kina kazi yake: kinazunguka, aliyemaliza anammenyea mdogo, mazungumzo yanaanza yenyewe. Wakati wa kumenya hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake machoni. Nilimwona kijana wa kidato cha tatu, mkorofi anayejulikana hadi kijijini, akimenya chungwa ganda lote bila kukatika, akampa mtoto wa kidato cha kwanza aliyekuwa analia kimyakimya kwa kukumbuka nyumbani. Hakusema neno. Mimi pia sikusema.

Dakika 15 zinazofuata kila mmoja ataje jina analopenda kuitwa, anakotoka, na kitu kimoja kilichomchosha wiki hii. Mlezi aanze, na aseme ukweli. Ukisema "mimi sijachoka, Bwana ni mwema", umeshafunga kikao.

Dakika 10 toa kanuni tatu: hakuna kucheka, hakuna kupeleka nje, na yeyote anaweza kusema "napita". Hapo mlezi aseme sentensi hii, hata kama ni ngumu: "Mkiniambia jambo nitalitunza, isipokuwa kama kuna mtu anaumizwa au anataka kujiumiza. Hilo nitalipeleka kwa anayeweza kusaidia, na nitakuambia kabla sijalipeleka."

*Kosa la kawaida:* kuahidi siri ya moja kwa moja. Siku utakayoivunja, na utaivunja, umempoteza mtoto na rafiki zake wote.

Dakika 5 za mwisho ni za matangazo na kuokota maganda.

Hatua ya 5: Kuongea na mmoja mmoja

Kila mlezi aongee na kila mtoto wake angalau mara moja kwa muhula. Tumia mahali panapoonekana lakini pasiposikika: benchi la nje ya ofisi, veranda ya maktaba. Usitumie nyumba ya mwalimu, wala ofisi iliyofungwa mlango, wala usiku baada ya prepo (masomo ya kujisomea jioni). Kanuni hii inamlinda mtoto, na inakulinda wewe.

Anza na mwili. Mazungumzo haya yanafanana na mengi niliyoyafanya:

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba mwanangu, kaa. Leo mchana umekula?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Nini?"

Kimya. "Niliwapa wenzangu."

"Mara ngapi wiki hii?"

"Kila siku tu."

"Tangu lini hamu imepotea?"

"Tangu turudi likizo."

Hapo usirukie kusema "omba, mwanangu, Mungu atakusaidia". Wala usiulize "kwa nini", maana kwa mtoto neno hilo lina harufu ya kesi. Uliza "ilikuwaje likizo?" kisha nyamaza. Hesabu moyoni hadi kumi na tano. Wengi wetu tunashindwa kwenye tano.

Sala ina nafasi yake, mwishoni, akiitaka. Muulize: "Ungependa tuombe, au tuishie hapa leo?" Akichagua kuishia hapo, usinune.

Hatua ya 6: Andika kidogo, funga vizuri

Kwenye kaunta buku tumia namba badala ya jina. Ufunguo wa namba ukae kwa mkuu wa shule. Andika tarehe, ulichokiona, maneno ya mtoto kama alivyoyasema, na mlichokubaliana. Usiandike dhana zako. "Hajala chakula cha mchana siku nne" ni taarifa, "ana mapenzi" ni umbea. Na tafadhali, habari za mtoto zisiingie kwenye kundi la WhatsApp la walimu, hata kwa nia ya maombi. Ombi la maombi lenye jina na kidato ni tangazo.

Hatua ya 7: Jua yasiyo yako

Soma hatua hii mara mbili.

Mtoto akikueleza kwamba amefanyiwa ukatili wa kingono, kazi yako si kuchunguza. Mwambie: "Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako." Usimrudishe kwenye hadithi mara tatu kwa walimu watatu. Andika maneno yake, mwarifu mkuu wa shule, na mtoto afike hospitali mapema, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72. Asioge kwanza, na nguo zisifuliwe. Hospitali kadhaa zina kituo cha mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana sehemu moja. Ulizia leo kama ya kwenu inacho, usingoje tukio. Anayetuhumiwa akiwa ni mkuu wa shule mwenyewe au mtu wa kanisa, nenda moja kwa moja ustawi wa jamii au polisi, au piga 116.

Utasikia sauti zikisema "tulimalize kifamilia, tusiliaibishe kanisa". Nimewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo, nikiwa mgeni kazini, na nikanyamaza. Yule binti alihamishwa shule, mtuhumiwa akabaki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtu anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Haitoi nafasi ya kulizika jambo ili jina la taasisi libaki safi. Na Mathayo 18:6 ina jiwe la kusagia lililofungwa shingoni.

Mtoto akidokeza kujiua, muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Usimwache peke yake hata dakika, ondoa vitu vya hatari karibu naye, mwite mzazi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mikesha ya maombi isichukue nafasi ya daktari.

Binti akigundulika ana mimba, Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 ulifungua mlango wa waliokatiza masomo, wakiwemo wenye ujauzito, kurudi katika mfumo rasmi. Mweleze hilo mzazi siku ya kwanza, kabla hasira haijaamua.

Hatua ya 8: Tenganisha malezi na fimbo

Kenya imepiga marufuku viboko shuleni tangu 2001. Tanzania bado vinaruhusiwa, ila kwa masharti ambayo walimu wengi hawajawahi kuyasoma: anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, kwa kosa kubwa, na viandikwe kwenye daftari. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina. Mwalimu anayetembea na fimbo mkononi kuanzia asubuhi yuko nje ya kanuni, hata akinukuu Mithali.

Mimi sichapi, na nimeomba familia za malezi ziwe eneo lisilo na fimbo kabisa. Adhabu badala yake ziendane na kosa: aliyevunja dirisha amsaidie fundi kulitengeneza, aliyemtukana mwenzake akae naye mbele ya mlezi. Huchukua muda mrefu kuliko viboko viwili. Ndiyo bei yake.

Siku ya wazazi

Siku ya kutembelewa, geti linafunguliwa saa 3 asubuhi, na kufikia saa 7 mchana utawajua wasio na mtu. Wanajifanya wanafua. Wengine wanalala mchana kutwa. Kila mlezi ajue majina ya watoto wake wasiotegemea mgeni, wiki moja kabla. Wape kazi inayowaweka karibu na wewe, wapokee wageni, wapange viti, halafu mle pamoja pilau ileile. Kama mzazi wa mwenzake yuko tayari kumwita mezani, mpange naye mapema, isionekane hisani.

Ukikwama

*Wanakaa kimya wiki ya tatu.* Umegeuza kikao kuwa mahubiri. Rudisha machungwa, au peleka mahindi ya kupukuchua. Mikono ikiwa na kazi, midomo inalegea.

*Walezi hawatokei.* Angalia kama umewapa Jumamosi jioni wakati wana masomo ya ziada wanayolipwa. Badilisha siku. Asipokuja mara tatu, wagawe watoto wake kwa wengine, bila ugomvi.

*Sanduku limejaa matusi.* Kawaida, mwezi wa kwanza wanapima kama utatafuta mwandiko. Usitafute. Jibu paredi yale mawili yenye hoja, hata kama ni uji mwepesi.

*Wasichana wanaanguka bwenini, wanapiga kelele, watu wanasema mapepo.* Usipige kengele ya dharura, wala usiite shule nzima kukemea, kwani umati huongeza idadi ya wanaoanguka. Watenganishe, kila mmoja sehemu yake tulivu na mtu mzima mmoja. Muuguzi apime homa, malaria na sukari, aulize walikula lini na kama kuna mwenye kifafa. Mchungaji akiomba, aombe kwa sauti ya chini, na mtu mmoja. Baada ya siku mbili, watu wakitulia, tafuta kilichokuwa kinaendelea: mitihani, njaa, hofu ya mtu fulani. Mara mbili kati ya tatu nilizoshuhudia, tulikuta mwalimu anayetisha.

*Mkuu wa shule anataka dakika 40 zirudi kwa ajili ya Kidato cha Nne.* Mtolee kibali alichosaini. Akishikilia, waachie Kidato cha Nne wabaki darasani wiki mbili za mwisho, familia ziendelee bila wao, lakini wawekewe machungwa yao.